Kikwembe Kilichonunuliwa Mara Mbili

Ukitaka kumjua Mama Délice, usihangaike kumwuliza habari zake, maana atakuambia za samaki tu. Simama kando ya meza yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Mulongwe, ujifanye unachagua, ungoje gari la chama chochote lipite barabarani na spika zake juu. Utamwona ameacha kupima. Kichwa kinainama upande, midomo inacheza, na kabla gari halijafika daraja la Kalimabenge atakuwa amekwisha kutoa hukumu: hawa wameanza juu mno, watafika Kalundu wamekauka koo, wale waitikiaji wao wamelala, wimbo huu ungekuwa mzuri kama ungekuwa na watu ndani yake. Kisha anarudi kwenye ndagala zake na kukuongezea kiganja kimoja cha bure. Wimbo mbaya humtia huruma, na akiwa na huruma huwa mkarimu.

Jina lake la kuzaliwa ni Akimana. Alizaliwa Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga, katika nyumba ambamo Kirundi kilisemwa jikoni na Kiswahili kilisemwa barabarani. Aliolewa Uvira na Irambona, fundi wa mitumbwi, mtu mpole aliyeishi naye vizuri na kufa mapema mno. Baada ya msiba ule Mama Délice alinyamaza. Aliuza ndagala, alimlea binti yake Délice, alisali, lakini sauti yake ya kuimba ilikuwa kama imezikwa na mume wake.

Aliyeifukua ni Generose, na aliifukua kwa kuimba vibaya. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kifuliiru, mzaliwa wa Luvungi, ambaye asubuhi moja alitandaza ndagala zake ufukweni karibu na za Mama Délice na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyokuwa ikienda popote ilipotaka. Mama Délice alivumilia ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili ukamshinda, akamsahihisha. Generose akacheka kicheko kilichofukuza ndege kwenye samaki wote wa ufukwe, akasema sawa, basi anza weye, minye niitikie. Urafiki wao ulianza hapo, kwa kosa la Generose na kiburi cha Mama Délice, na kumbe Generose alikuwa mbovu wa kuanza lakini wa kuitikia hakuwa na mfano. Alijua wapi pa kuingia, wapi pa kungoja, na jinsi ya kumbeba mwanzishaji anapoishiwa pumzi.

Mwalimu Félicien aliwasikia hapo hapo ufukweni. Alikuwa akitembea kutafuta wanachama wa chama kipya cha wakulima na watu wa ziwani. Chama hicho kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hata yeye alilisoma kwenye karatasi. Kwa kuwa alama yake ilikuwa kasia, watu wakakiita Kasia, na ikatosha. Aliwaomba wafungue mkutano wa kwanza. Mama Délice hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wale wa foleni ya maji. Alirusha mstari wa kwanza akiwa amefumba macho, Generose akaujibu, na alipofumbua aliona wapita njia wameshuka kwenye baiskeli zao.

Tangu siku hiyo akawa mama wa kuanzisha. Kwenye mikutano ya kwetu nyimbo ndizo zinazofungua mlango, na hakuna anayesema neno kabla wimbo haujafungwa. Na wa kuufunga ni yule aliyeuanzisha. Fikiria basi: mjane muuza ndagala, na waheshimiwa waliotoka Bukavu wamesimama na maikrofoni mkononi, wanamngoja yeye amalize. Mama Délice hakuwahi kulisema jambo hilo kwa mtu, lakini lilimfurahisha hadi kwenye nyayo.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Uvira lazima alielewe. Hapa, kundi lisilokuwa na kikwembe kimoja si kundi, ni watu waliokutana njiani. Kwaya, chama, akina mama wa kuchangiana, ukoo wa bibi arusi, wote huanza kwa kuchagua kitambaa cha kushona sare. Wamama wa Kasia walikuwa na namna yao ya kuchagua. Generose alikuwa macho: alikiinua kikwembe kwenye jua, akarudi nyuma, akasema kama kinafaa ama kinamfanya mtu aonekane kama pazia la hospitali. Mama Délice alikuwa mikono: alilivuta pindo kusikia uzito, kisha alilowesha kidole kwa mate na kusugua pembeni kuona kama rangi inatoka. Muuzaji wao, Nyandwi, alikuwa akiwaona kwa mbali na kuanza kutoa jasho. Lakini kikwembe kilichopita mikononi mwa wale wawili kilidumu mpaka wajukuu wakabebewa ndani yake.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Bendera za Kasia zilipepea kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na chama kilikuwa na mbunge wake Bukavu. Kisha kikaanza kuugua taratibu, kama vyama vinavyougua. Waliopata vyeo walihama navyo. Vijana wakaacha kuja, kwa kuwa mikutano ilikuwa imegeuka masomo ya Mwalimu Félicien. Uchaguzi ulipofika, Kasia haikupata kiti hata kimoja, wala Kinshasa, wala Bukavu, wala hapa nyumbani. Miezi michache baadaye ziwa lenyewe likapanda, likaingia kwenye permanansi, ile nyumba ndogo ya Kavimvira iliyokuwa ofisi ya chama, likakaa humo majuma na majuma. Wenye maneno walisema Kasia sasa imepata mwanachama anayehudhuria kila siku.

Badala ya kutoa maji, wakubwa wakatoa lawama. Félicien, prezida wa chama hapa Uvira, alisema kosa ni la Rémy, katibu, aliyesimamisha wagombea wasiojulikana hata na majirani zao. Rémy alisema kosa ni la Félicien, ambaye tangu chama kizaliwe hajawahi kumsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana hawakuweza kusameheana. Kila mmoja akamfukuza mwenzake chamani kupitia redio, juma lilelile, redio ileile. Félicien akabaki na bendera na muhuri, Rémy akabaki na megafoni na viti vya plastiki. Kibaya zaidi, watu wakaanza kuulizana chini chini nani ametoka kabila gani, swali ambalo ndani ya Kasia lilikuwa halijapata mahali pa kukaa.

Mama Délice alibaki kwa Félicien, kwa kuwa ndiye aliyemsimamisha mbele za watu. Generose alikwenda kwa Rémy, kwa kuwa alichoka kukatwa maneno. Wangeweza kuachana hivyo kwa amani. Lakini siku moja ufukweni, mbele ya wamama wengine, hasira ilimpanda Mama Délice akasema mwitikiaji akiondoka wimbo haufi, waitikiaji wamejaa tele. Generose alikunja turubai lake na ndagala zikiwa bado mbichi, akahamia ng'ambo ya mdomo wa mto.

Maneno yale yalikuwa uongo, na mkutano uliofuata ulithibitisha. Waitikiaji walikuwapo, ndiyo, tena wenye sauti, lakini walikuwa wanaingia kama watu wanaochelewa misa. Mama Délice aliimba peke yake katikati yao na kurudi nyumbani na koo linalouma. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuwa tayari kulisema: alimkosa Generose. Alimkosa asubuhi akitandaza samaki, alimkosa jioni akivikusanya vikapu, na kwa kuwa kiburi chake kilikuwa kipana kuliko barabara kuu ya Uvira, hakuvuka mto kwenda kumwomba msamaha. Kila siku alisema kesho.

Ndipo ikaja habari kutoka Bukavu. Makao makuu ya chama yangemtuma mjumbe, Papa Sévère, Jumapili ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga. Papa Sévère hangekuja kuamua nani ni prezida wa kweli. Angekuja kuangalia kama Uvira bado kuna chama. Akikuta mikutano miwili, makao ya Kasia katika eneo lote yangehamishiwa Luvungi, ambako palikuwa na kundi dogo la wakulima wasiogombana, na Uvira ingekuwa tawi chini yao. Wacha niwaambie jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Luvungi ni mahali pazuri, gari la Bukavu husimama pale ununue ndizi, lakini mji mzima wenye bandari kwenda kuomba ruhusa Luvungi ni aibu ambayo hata wasio wanachama waliisikia mwilini. Kwa Mama Délice aibu ilikuwa ndogo kuliko hofu. Chama kikifungwa Uvira, wimbo ule ambao yeye na Generose waliujenga pamoja usingekuwa tena na mahali pa kuimbwa, na mlango pekee ambapo wangeweza kukutana bila mmoja kuomba msamaha ungekuwa umefungwa.

Unadhani wakubwa walikaa chini wakazungumza. La. Kila mmoja aliona kwamba dawa ni kuonyesha kundi lake kuwa kubwa na maridadi, ili mjumbe asahau kuwa kuna jingine. Mjumbe alikwisha kusema atakaa kwenye uwanja wa mpira wa Mulongwe, na mwenye chama amfuate huko. Félicien alimwita Mama Délice akamwagiza anunue kikwembe kipya, tena kwa siri, na kiwe cha namna ambayo watu wa Rémy hawawezi kukivaa hata wakisukumwa.

Alikwenda kwa Nyandwi peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya chama kusimama mbele ya vitambaa vile bila mtu wa kubishana naye. Nyandwi alimwangalia kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyemeza kitu na hakitaki kushuka, akamtandazia mali. Kulikuwa na kimoja cha kahawia chenye majogoo makubwa mekundu. Mama Délice alijua mara moja kwamba ndicho: Generose asingevaa jogoo hata kwenye giza. Alikishika. Akaanza kusema funga hiki.

Lakini kichwani mwake sauti ya Generose ilikuwa imeanza kazi. Apana, hii itatufanya kama mutu aliyeanguka mu chakula ya kuku. Hii nayo ni pazia. Hii wapelekee maadui. Mama Délice alibishana nayo kimyakimya, akaona haya, akaendelea kubishana, na mkono wake ukawa unapita juu ya vitambaa mpaka ukatua juu ya cha buluu nzito, buluu ya ziwa kabla ya mvua, kilichotapakaa maua ya maboga ya rangi ya machungwa. Hapo sauti ikanyamaza, na kwa Generose kunyamaza kulikuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Alijiambia amekichagua kwa kuwa watu wa Rémy wanapenda nyekundu. Ulikuwa uongo mwingine. Alimwapisha Nyandwi asimwambie mtu, Nyandwi akaapa upesi mno, na Mama Délice akaondoka na furushi lake, moyo umechangamka kwa sababu asiyoijua. Alikuwa ametumia macho ya rafiki yake vizuri sana, hata akasahau kutumia kidole chake mwenyewe.

Jumapili ilifika na jua lake. Kundi la Félicien lilikusanyika upande wa Kavimvira, kila mama amejifunika khanga juu ya sare ili siri isivuje kabla ya wakati. Walipokaribia uwanja, Mama Délice alitoa ishara, khanga zikavuliwa, na barabara yote ikawa ya buluu. Walipendeza. Hata waendesha pikipiki walizima injini. Félicien, aliyetangulia na bendera, aligeuka akatazama nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi akatabasamu.

Waliingia uwanjani kutoka kaskazini. Na kutoka kusini, upande wa Kalundu, likaingia kundi la Rémy, megafoni mbele, wamama nyuma, buluu ya ziwa kabla ya mvua, maua ya maboga kila mahali.

Makundi mawili yalisimama yakitazamana kama mtu na kioo. Papa Sévère, aliyekuwa amekaa peke yake chini ya turubai na shati lake jeupe lililopigwa pasi, alisimama taratibu, akafungua mikono, akaanza kupiga makofi. Watazamaji wa Mulongwe, ambao hawahitaji sababu kubwa, wakapiga pia. Mjumbe alikuwa ametabiriwa vita, na sasa anaona umoja wa mpaka kwenye nyuzi.

Félicien alipata akili kwanza, akaita watu wake waje upande wa kuume. Rémy akaita wake waje upande wa kushoto, kwa megafoni. Lakini Félicien alikuwa anatazama ziwa na Rémy anatazama mlima, kwa hiyo kuume kwa mmoja kulikuwa kushoto kwa mwingine, na makundi yote yakaenda mahali pamoja. Franck, kiongozi wa vijana wa Rémy, alitumwa kuwatenganisha. Alijitahidi, maskini. Alimshika mama wa kwanza mkono kwa heshima, akampeleka taratibu hadi kwa Rémy, na kumbe ni mke wa Félicien. Kicheko cha kwanza kilisikika hapo. Mama Délice hakumwona aliyecheka, lakini alijua ni Generose, maana ndege walitoka kwenye paa la shule iliyo kando ya uwanja.

Mjumbe aliketi, akangoja mkutano ufunguliwe. Na mkutano hufunguliwa kwa wimbo. Mama Délice alisimama mahali alipokuwa, katikati ya watu ambao hakujua tena ni wa nani, akafumba macho kama siku ile ya kwanza.

"Mutumbwi yetu iko wapi?"

Na kabla waitikiaji wake waliochelewa hawajavuta pumzi, jibu lilitoka mbali, pembeni kabisa ya uwanja, likaingia pale pale lilipotakiwa kuingia, likiita watu waje wapande.

"Iko mu maji, kuya upande."

Sijui kama umewahi kubeba mzigo peke yako kwa muda mrefu, kisha mtu akaja akakishika kikapu upande wa pili. Mama Délice alihisi hivyo kooni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, akarusha mstari wa pili, ukajibiwa, na uwanja mzima wa buluu ukaanza kucheza. Waliokuwa hawajasalimiana tangu uchaguzi walikuwa wanagongana viuno.

Alipofumbua macho aliona Félicien amesimama na Rémy amesimama, kila mmoja tayari kuhutubia mara wimbo utakapofungwa. Aliujua mkono wa Félicien ukiomba kufungiwa wimbo, alikuwa ameutii miaka yote. Alimtazama Generose juu ya vichwa vya watu. Generose aliinua nyusi moja. Mama Délice akaurudisha wimbo mwanzo.

Wakazunguka tena. Félicien akaonyesha ishara ya kukata, Mama Délice akajifanya jua limemwingia machoni. Rémy akaigonga maikrofoni, ngoma zikapanda juu yake. Wakazunguka tena na tena, na wale mabwana wamesimama juani kama nguzo za lango lisilo na ukuta. Mwishowe Félicien, mwenye goti bovu, akaketi. Rémy akatabasamu, akatengeneza kola, akasogea mbele. Wimbo ukaongezwa nguvu. Rémy aliwatazama wamama wake awanyamazishe, na usoni mwake ukaonekana ule wakati alipogundua kwamba hajui wake ni wepi. Alingoja kidogo kwa ajili ya heshima yake, kisha naye akaketi.

Mama Délice akaufunga wimbo.

Papa Sévère alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Alisimama akasema amepita Luvungi, na kusema kweli alikuja na uamuzi mfukoni, lakini sasa anaona Uvira kuna chama kilichoungana kuliko alivyowahi kuona, na yuko tayari kurudi Bukavu kusema hivyo. Félicien alikaa kimya. Rémy alikaa kimya. Ilikuwa imekwisha, ilitosha mtu yeyote kupiga makofi. Mama Délice alitazama kikwembe chake, na akaona kwamba chama kikiokolewa hivi, juma lijalo watafukuzana tena redioni, na Generose atarudi ng'ambo ya mto.

"Papa Sévère," alisema, na hakuna aliyemkata, "usidanganyike na hii kikwembe. Hatukuungana. Kila upande ulinunua yake kwa siri, juu ya kumukimbia mwenzake. Ona sasa: tumekimbiana mpaka tumefika pamoja. Lakini minye nilisema neno mubaya ufukweni, kwamba waitikiaji wako wengi. Haiko kweli. Kama munataka kufunga chama, mufunge, lakini nisiache kusema hivyo mbele ya batu."

Kisha kutoka kwenye meza za pembeni, Nyandwi muuza vitambaa, ambaye alikuwa amebeba siri mbili kifuani siku zote hizo, alishindwa kabisa, akaanguka kwenye kiti chake akicheka na kusema wote wawili walimwapisha, wote wawili, na mama yule mwingine alikuja siku moja tu kabla. Wa pili kucheka alikuwa Félicien. Mwalimu alicheka hadi goti likamsahau, na alipoweza kusema alimgeukia Rémy akamwomba amalize ile sentensi aliyokuwa akitaka kumwambia tangu uchaguzi. Rémy akasema ilikuwa ndefu. Félicien akasema atamsikiliza.

Siwezi kusema yote yalinyooka siku ile. Franck alikasirika, akahamia chama kingine na viti vya plastiki havijarudi mpaka leo. Sentensi ya Rémy ilichukua saa nzima na haikuwa na adabu sana. Lakini mwisho wake mjumbe aliuliza nani ashike usukani mpaka uchaguzi wa ndani, na wamama wakaanza kulitaja jina la Mama Délice. Alikataa kabla halijatajwa mara ya tatu.

"Minye ni wa kuanzisha tu," alisema. "Wa kuanzisha anapenda sauti yake. Wekeni mutu anayejua kusikiliza mwenzake anafika wapi, halafu anaingia. Wekeni Generose."

Akaongeza, kwa ujanja wake, kwamba Generose ni mzaliwa wa Luvungi, kwa hiyo Luvungi nao hawatasema wamenyimwa. Waliinua mikono. Félicien alipewa kazi ya kuzunguka bonde, Luberizi na kwingineko, kufufua matawi kwa kuuliza maswali badala ya kujibu. Rémy alipewa kutafuta permanansi mpya, mbali na maji. Wote wawili waliinua mikono yao pia, mmoja akimtazama mwenzake ahakikishe.

Mvua ilishuka kutoka milimani wakati wanacheza wimbo wa kufunga, na hakuna aliyekimbia. Hapo ndipo kikwembe kikafanya yake. Buluu ilianza kuteremka. Iliteremka kwenye miguu, kwenye viatu, kwenye mikono ya wamama na kila walichokishika, nao siku hiyo walikuwa wanakumbatia kila mtu. Félicien akawa na shingo ya buluu. Rémy akawa na viganja viwili vya buluu mgongoni, vya mke wa Félicien. Shati jeupe la Papa Sévère lilitoka Uvira likiwa na rangi ya ziwa, na gari liliposimama Luvungi kwa ajili ya ndizi watu walimwuliza amepigana na nani. Inasemekana aliwajibu kwamba makao yamebaki Uvira, na Uvira inaambukiza.

Generose alimkuta Mama Délice chini ya paa la shule akikamua pindo lake. Walikuwa hawajasemezana uso kwa uso tangu siku ile ya ufukweni. Generose aliunyoosha mkono wake uliokuwa wa buluu hadi kwenye kiwiko.

"Weye unanunua kikwembe bila kulowesha kidole?"

"Na weye?"

"Minye nilivuta pindo kama unavyovutaka," alisema Generose. "Nikasema hii ni nzito, Mama Délice ataipenda. Ile ya kidole nilisahau. Ni kazi yako."

Mama Délice alitaka kusema pole. Aliitafuta, na badala yake kikamtoka kicheko, akakitandaza kipande cha khanga kavu alichokuwa nacho, wakajifunika wote wawili kichwani na kuingia kwenye mvua kuelekea mtoni. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na maturubai mawili ufukweni, yametandazwa pindo kwa pindo, na wauza ndagala wawili wenye miguu ya buluu wakibishana ni nani ameanza wimbo juu mno.